Je, Inafuata?

Soma kauli hizi tatu taratibu. Hakuna kitu chenye uraibu ambacho ni cha bei rahisi. Baadhi ya sigara ni za bei rahisi. Kwa hiyo, baadhi ya sigara hazina uraibu.

Ukifika kwenye ile ya tatu, moyo unakataa. Nani hajui sigara inavyomshika mtu? Lakini mantiki haijauliza kama sigara zina uraibu. Imeuliza jambo jingine: tukizikubali kauli mbili za mwanzo, hata kwa muda mfupi tu, je, tunalazimika kuikubali ya tatu? Tunalazimika. Kama kila chenye uraibu ni ghali, basi sigara yoyote ya bei rahisi imeshajitoa katika kundi hilo. Hoja ni halali. Hitimisho lake ni la uongo, na uongo huo umeingia kupitia kauli ya kwanza, ambayo nayo ni ya uongo, lakini njia ya kutoka kauli moja kwenda nyingine haina kasoro.

Sasa acha kauli mbili za mwanzo kama zilivyo, ubadilishe hitimisho peke yake: kwa hiyo, baadhi ya vitu vyenye uraibu si sigara. Hapa moyo unatulia. Pombe ina uraibu, kamari ina uraibu, wala hazikuwa sigara kamwe. Ni kweli tupu, ila haijafuata. Fikiria ulimwengu ambamo kitu pekee chenye uraibu ni sigara za bei ghali, na sigara za bei rahisi hazimshiki mtu. Katika ulimwengu huo kauli zote mbili za mwanzo zinasimama, na bado hakuna hata kitu kimoja chenye uraibu kisichokuwa sigara. Hoja ni batili.

Mwaka 1983 wanasaikolojia watatu wa Uingereza, Jonathan Evans, Julie Barston na Paul Pollard, walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya kwa hoja za namna hii hii. Washiriki walielezwa wakubali tu kile kinachofuata kwa lazima. Hoja halali zenye hitimisho linaloaminika zilikubaliwa kwa asilimia 89. Hoja batili zenye hitimisho lisiloaminika zilikubaliwa kwa asilimia 10 tu. Mpaka hapo unaweza kudhani binadamu ni hodari wa mantiki. Lakini hoja halali zenye hitimisho lisiloaminika zilikubaliwa kwa asilimia 56, na hoja batili zenye hitimisho linaloaminika kwa asilimia 71. Naomba msomaji azitazame tena namba hizo mbili za mwisho. Hoja mbovu yenye mwisho tunaoupenda ilipita kwa urahisi kuliko hoja nzima yenye mwisho tusioupenda.

Nafundisha mantiki ya mwanzo kwa vijana wanaoingia mwaka wa kwanza wa chuo. Wengi wanakuja wakidhani wamekuja kujifunza namna ya kushinda mabishano. Mimi naamini kinachofundishwa pale ni aina ya uadilifu, tena uadilifu mgumu: kuitendea haki hoja ya mtu hata pale ambapo hutaki ikufikishe inakokwenda, na kuikatalia hoja yako mwenyewe hata pale inapokufikisha unakotaka.

Aristotle, aliyezaliwa Stagira mwaka 384 K.K. na kufungua shule yake Athens, ndiye mtu wa kwanza tunayemjua aliyeipanga elimu hii kwa utaratibu, katika kitabu kinachojulikana kama Analytica Priora. Alishughulika na silojizimu, yaani hoja ya kauli tatu zenye istilahi tatu. Kauli mbili za mwanzo zinashiriki istilahi moja, ya kati, ambayo hufanya kazi ya kuziunganisha nyingine mbili kisha haionekani tena kwenye hitimisho. Kila kauli ni ya aina moja kati ya nne: wote ni, hakuna aliye, baadhi ni, baadhi si. Ukichanganya aina hizo kwa kila namna, pamoja na nafasi nne ambazo istilahi ya kati inaweza kukaa, unapata maumbo 256. Wanamantiki wa jadi walihesabu 24 kuwa halali. Mantiki ya kisasa, iliyofuata nyayo za George Boole wa karne ya 19, inakubali 15 tu, kwa kuwa haimruhusu mtu atoke kwenye “wote” hadi “baadhi” kabla ya kuhakikisha kwamba hao wote wapo kweli.

Wanafunzi wa zama za kati barani Ulaya walikariri maumbo halali kwa majina ya kutunga, Barbara, Celarent, Darii, Ferio, ambamo kila irabu ilisimamia aina ya kauli. Majina hayo yana uzuri wake. Kinachonivuta mimi zaidi ni jinsi Aristotle alivyoyaondoa yale mabaya. Chukua kauli mbili: kila binadamu ni mnyama, kwa maana ya kiumbe chenye uhai na hisi, na hakuna farasi aliye binadamu. Je, farasi ni mnyama? Ndiyo. Sasa mwondoe farasi uweke jiwe. Kila binadamu ni mnyama. Hakuna jiwe lililo binadamu. Je, jiwe ni mnyama? Hapana. Umbo la kauli ni lile lile, na kauli zote ni za kweli, ila upande mmoja jibu ni ndiyo na upande wa pili ni hapana. Kwa hiyo kauli mbili za umbo hilo, zikiwa peke yake, hazina la kutuambia. Zimenyamaza.

Hata kwa hesabu ya jadi, maumbo 232 kati ya 256 hayamfikishi mtu kwenye hitimisho lake kwa lazima. Nadhani hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mtu mzima angepaswa kulibeba kutoka katika elimu hii, maana kunyamaza kwa ushahidi ni mzigo unaotushinda. Msibani tunajua mambo mawili: kijana amefariki ghafla, na mwezi uliopita aligombana na mtu fulani. Yote mawili ni kweli. Tunatamani la tatu litoke humo, na tukilikosa tunalitengeneza.

Kwa somo la umbo batili linalojulikana kuliko yote, huwa naandika ubaoni mfano mwepesi: mbuzi wote wana miguu minne, meza hii ina miguu minne, kwa hiyo meza hii ni mbuzi. Darasa hucheka, na kicheko chenyewe ni sehemu ya somo. Siku moja kijana mmoja kutoka upande wa Shinyanga hakucheka. Alinyoosha mkono akasema, “Mwalimu, kwetu watu wameuawa kwa hoja ya umbo hili.” Nikampa chaki. Akaandika: wachawi wana macho mekundu, bibi huyu ana macho mekundu, bibi huyu ni mchawi.

Sikuwa na la kuongeza kwa muda. Kwa miaka mingi, katika mikoa ya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, hasa Usukumani, wanawake wazee wamekatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yamehesabiwa kuwa dalili. Wekundu wenyewe unatokana na moshi. Ni macho ya mtu aliyepika miaka yote ya utu uzima wake katika jiko lisilo na dirisha la maana, kwa kuni, na kuni zilipokwisha, kwa kinyesi kikavu cha ng'ombe. Alama iliyomhukumu bibi aliipata akiwapikia watoto na wajukuu.

Ukiichambua hoja ile unakuta ina kasoro mbili, na zisichanganywe. Ya kwanza ni kwamba kauli ya mwanzo haina ukweli wowote. Ya pili ni ya umbo: hata ukiikubali kauli hiyo, hitimisho halijafuata. Istilahi ya kati, “wenye macho mekundu,” haikuzungumziwa yote kamili katika kauli yoyote kati ya zile mbili. Wachawi wamewekwa katika sehemu ya kundi la wenye macho mekundu, bibi naye amewekwa katika sehemu ya kundi hilo hilo, na hakuna kilichosema kwamba ni sehemu moja.

Mwanafunzi mwingine aliniuliza, na alikuwa na haki ya kuuliza, kuna haja gani ya kuhangaika na umbo ikiwa kauli ya kwanza tayari ni uongo. Haja ni hii. Anayeamini kwamba wachawi wapo na wana alama, ukibishana naye juu ya imani hiyo mtakesha. Umbo unaweza kumwonesha bila kumgusa imani yake: sawa, baba, tuseme wachawi wana macho mekundu, hilo linakwambia nini juu ya bibi huyu? Akitaka hoja yake ifike, hana budi kuigeuza kauli ya kwanza iseme kwamba kila mwenye macho mekundu ni mchawi. Na hiyo atalazimika kuitamka kwa sauti yake, mbele ya watu, wakati mama yake mzazi yuko jikoni anapuliza moto. Hoja batili ilikuwa imemficha asiitamke kauli ambayo asingethubutu kuitamka.

Sidai kwamba mwenye panga anasubiri somo la mantiki. Mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba, kuna urithi, kuna mpiga ramli aliyekwisha lipwa. Lakini mtuhumu anahitaji majirani watakaotikisa kichwa. Ninapofundisha, majirani hao ndio ninaowawaza.

Swali la kauli ya “wote” linatoka wapi lina historia ndefu, na wasomi wa Kiislamu waliupokea urithi wa Wagiriki na kulijadili kwa karne nyingi. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alishikilia kwamba asiyeimudu mantiki elimu yake haina dhamana, na katika al-Qistas al-Mustaqim alizichambua hoja zilizomo ndani ya Qur'ani, kama ya Nabii Ibrahimu mbele ya mfalme aliyejidai uungu, akaonesha kwamba zinapimika kwa mizani ya silojizimu. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, aliwapinga wanamantiki kwa nguvu. Kauli ya jumla, alisema, huijui ila kwa kuwajua mmoja mmoja, kwa hiyo silojizimu haikupi elimu mpya kama wanavyodai. Nimewasoma wote wawili na siwezi kumwacha hata mmoja. Al-Ghazali ananilinda nisikubali njia mbovu. Ibn Taymiyya ananizuia nisitembee kwa kujiamini katika njia iliyonyooka inayoanzia mahali ambapo hakuna aliyepahakiki. Wale majirani wa bibi waliwahitaji wote wawili.

Umbo lile lile la hoja ya macho mekundu limewahi kukaa hata hospitalini, na hapa nataka kuwa mwangalifu nisiwaonee watu. Wagonjwa wa malaria huwa na homa. Mtoto huyu ana homa. Basi apewe dawa ya malaria. Kwa miongo mingi ndivyo watoto wengi wa Afrika walivyotibiwa, mpaka mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza kwamba kila anayeshukiwa apimwe kwanza, wa rika lolote. Vipimo vya haraka vilipoenea katika zahanati, ilionekana wazi kwamba homa nyingi hazikuwa malaria, na mtoto mwenye kichomi aliyekuwa akirudishwa nyumbani na dawa mseto peke yake alikuwa akiachiwa ugonjwa unaoua. Hata hivyo, mganga wa zahanati wa miaka ile, asiye na hadubini, hakuwa mjinga. Alikuwa akipima hatari: kumkosa mwenye malaria ni kumpoteza, na kumpa dawa asiye nayo lilikuwa kosa dogo zaidi. Kutenda bila uhakika si dhambi ya mantiki. Tatizo lilianza pale tulipozoea kutenda kiasi kwamba tukasahau hatujui, mama akarudi nyumbani akisema mtoto “ana malaria” wakati alichoambiwa kilikuwa ni dhana tu.

Kuna mtu mmoja ambaye huwa namtetea ili wanafunzi wasimcheke. Mwaka 1931 na 1932 mwanasaikolojia wa Kirusi Alexander Luria alikwenda Uzbekistan na kuwahoji wakulima ambao hawakusoma shule. Aliwaambia: kaskazini ya mbali, kwenye theluji, dubu wote ni weupe, Novaya Zemlya iko kaskazini ya mbali, dubu wa huko wana rangi gani? Mkulima mmoja alijibu kwamba hajui, yeye amemwona dubu mweusi, na wanyama hutofautiana kwa mahali. Alipobanwa alieleza kwamba kama mtu mzima aliyefika huko na kumwona dubu mweupe angesimulia, angeaminika, yeye hajafika. Vitabu vingi humtaja kama mfano wa mtu asiyeweza kufikiri nje ya alichokiona.

Mimi namsikia mtu anayekataa kutoa ushahidi wa jambo asilolishuhudia. Luria aliuliza habari za njia, naye akajibu habari za mahali njia inapoanzia: ni nani amesema wote, na amefika lini? Kweli, hakujibu swali aliloulizwa, na uwezo wa kulijibu, wa kuikubali kauli kwa ajili ya hoja tu, ni hazina kubwa. Bila huo hakuna hisabati wala sheria. Lakini nikimweka mkulima yule katika mkutano wa kijiji siku bibi anapotuhumiwa, nadhani angeuliza swali ambalo wahitimu wangu wangesahau.

Jambo gumu kuliko yote limekuwa nyumbani. Ukoo wetu ulikaa kikao kuhusu shamba la urithi, na baba mkubwa alipinga lisiuzwe. Hoja yake ilikuwa hii: familia zote tunazozijua zilizouza shamba la urithi zimesambaratika, sisi hatuuzi, kwa hiyo hatutasambaratika. Watu wakaitikia. Mimi pia sikutaka liuzwe. Lakini msomaji akiitazama hoja hiyo atakuta ni ile ile ya binadamu, farasi na jiwe. Familia isiyouza inaweza kukaa pamoja, na familia isiyouza inaweza kusambaratika, tena kwa kugombania shamba lile lile ililokataa kuliuza.

Niliomba ruhusa nikasema, “Baba mkubwa, nami nasema tusiuze. Ila kutouza peke yake hakutatulinda.” Akanitazama kwa masikitiko. “Kumbe na wewe uko upande wao?” Ni shangazi aliyeniokoa. “Hapana, kaka. Mtoto anasema tumekubaliana tusiuze, sasa bado tuseme ni nini kitakachotushikamanisha.” Nimefundisha kwa miaka mingi tofauti kati ya “si kweli” na “haijafuata,” na sijawahi kuieleza kwa ufupi wa namna ile. Mazungumzo yalihamia kwenye hati iandikwe kwa majina ya nani, nani analima upande gani, mabinti wa ukoo wanapata nini. Yangeweza kuahirishwa miaka kumi kwa sababu ya hitimisho zuri lililotupa amani ambayo hatukuwa tumeifanyia kazi.

Kuonesha kwamba sababu ya mtu haitoshi kunasikika masikioni mwake kama kumwita mwongo, na kwa mtu mzima kunasikika kama kumvunjia heshima. Kwa hiyo sasa nawaambia wanafunzi waanze kwa kueleza wanasimama wapi kuhusu hitimisho lenyewe, ndipo waiguse njia. Na walioshinda hoja nawakumbusha kwamba aliyeshindwa huenda yuko sahihi. Ametoa tu sababu mbovu kwa jambo la kweli, nalo jambo hilo bado linasubiri mtu wa kulitetea vizuri.

Mwisho wa muhula huwapa zoezi ambalo wengi hawalipendi: tunga hoja halali yenye hitimisho usilolitaka. Hili ndilo linalogusa ile asilimia 56 ya majaribio ya Evans na wenzake. Hoja halali isiyopendeza haimlazimishi mtu kukubali mwisho wake, inamlazimisha kuchagua. Ama aukubali, ama ataje ni kauli ipi kati ya zile mbili anayoiachia na kwa sababu gani. Kukunja uso hakuhesabiki.

Msichana mmoja alisoma hoja yake mbele ya wenzake. Kila anayemlipa mtu ujira ambao yeye mwenyewe anajua haumtoshi mtu kuishi anamdhulumu. Nyumbani kwetu tunamlipa dada wa kazi ujira ambao tunajua haumtoshi mtu kuishi. Kwa hiyo nyumbani kwetu tunamdhulumu dada.

Kelele zilianza mara moja, na karibu zote zilikuwa juu ya hitimisho: kwamba ni maneno makali, kwamba mama yake ni mtu mwema, kwamba kila nyumba inafanya hivyo. Niliwauliza tu kama inafuata. Wakakiri inafuata. Basi niambieni, nikasema, mnaiachia kauli gani? Kijana mmoja akaijaribu ya kwanza, kwamba ujira waliokubaliana wawili si dhuluma, na mwenzake akamuuliza kama angelikubali hilo kwa dada yake wa kuzaliwa. Mwingine akaishika ya pili: dada anakula na kulala pale pale, na hivyo navyo ni sehemu ya ujira. Hiyo ilikuwa hoja ya haki, na msichana mwenyewe alikiri hivyo. Akarudi kwenye kiti, akafungua ukurasa mpya wa daftari, na wote wakaanza kumtajia: chumba, chakula cha siku, sabuni, nauli ya kwenda kwao Krismasi, kisha, kwa upande wa pili, saa anayoamka na saa anayolala. Walibishana sana kuhusu saa anayolala.